Tunaishi kwa Mikono ya Tusiowajua

(Hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa wanafunzi na walimu wa elimu jamii. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Slaidi nimeziacha, hazikuongeza kitu.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa kumsindikiza rafiki tu, nawasalimu nyote.

Nianze kwa kuwapa kazi. Kila mmoja aitazame nguo aliyovaa. Nani aliipanda pamba yake? Nani aliusokota uzi? Nani alikifuma kitambaa, nani alikikata, nani aliikagua mishono kabla haijafungwa katika katoni? Nitajieni jina moja tu. Moja!

Naona mnacheka. Hakuna mwenye jina.

Sasa mfikirieni mkulima wa miaka mia tano iliyopita. Mkimuuliza swali hilohilo, pengine angejibu bila kukuna kichwa: uzi alisokota mama yangu, kitambaa alifuma fulani wa nyumba ya tatu, na bado namdai. Yeye ana majina. Sisi hatuna.

Ndugu zangu, mada niliyopewa ni jinsi elimu jamii, yaani sosholojia, inavyoeleza safari ya kutoka jamii ya jadi kuingia jamii ya kisasa. Wengi wakisikia hivyo hufikiria mashine, hufikiria majengo marefu, au hufikiria kwamba watu wa kale walikuwa wajinga na wa sasa ni werevu. Mimi nimekuja na dai moja, na nitalishikilia hadi mwisho. Kiini cha safari hii ni maswali mawili: Nani unamtegemea? Na kwa nini unamwamini? Mtu wa jadi aliwategemea wachache aliowajua kwa sura. Mtu wa kisasa anawategemea maelfu asiowajua hata kwa jina. Mengine mengi, kuanzia sheria na ofisi hadi upweke na uhuru, yanaota kutoka hapo.

Vitabu vingi vya taaluma hii huanza na Ulaya ya karne ya 19. Mimi naomba tuanzie Damascus, mwaka 1401. Jeshi la Timur, mtawala mteka nchi kutoka Asia ya Kati, limeuzingira mji. Mzee anayekaribia miaka sabini anateremshwa kwa kamba kutoka ukutani ili akaonane na mtekaji ana kwa ana. Mzee huyo ni Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyewahi kuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki mjini Cairo. Na alipofika hemani, unadhani alizungumza nini na mtu ambaye dunia nzima ilimwogopa? Pamoja na mengine, alimsomesha elimu jamii! Alimweleza nadharia yake kwamba utawala hujengwa juu ya asabiya, yaani ile nguvu ya watu kushikamana na kuwa tayari kufa kwa ajili ya wenzao.

Miaka zaidi ya ishirini kabla ya hapo, katika kitabu chake cha 1377, alikuwa ameshaandika kwamba kuna maisha ya aina mbili. Kuna maisha magumu ya jangwani na mashambani, ambako huwezi kuishi bila ndugu zako, na kwa hiyo asabiya ni kali. Na kuna maisha ya mjini yenye ufundi, biashara na starehe, ambako mtu humwachia askari ulinzi na humwachia kadhi ugomvi wake, na asabiya ikayeyuka vizazi vichache tu baadaye. Ndipo hutokea kundi jingine kutoka nje, lenye mshikamano mbichi, likauteka mji na kuanza upya.

Mnaona? Maswali yetu mawili yalikuwepo tayari. Tofauti ni kwamba kwa Ibn Khaldun safari ilikuwa duara: walioingia mjini leo, kesho watadhoofika na kupinduliwa na wengine.

Karne ya 19 ilileta jambo ambalo duara halikulieleza. Mwaka 1801 Manchester ilikuwa na watu wapatao 75,000. Mwaka 1851 ilikuwa imepita 300,000, na sensa ya mwaka huo ikaonyesha kwamba katika England na Wales watu wa mijini wamewazidi wa mashambani. Hao hawakuwa wamekuja kuteka mji. Walikuja kutafuta ujira, na hawakurudi. Elimu jamii ilizaliwa na watu waliokuwa wakiyatazama mambo ya namna hiyo na kujiuliza: sasa hawa wataishije pamoja?

Auguste Comte, Mfaransa aliyeipa taaluma hii jina, simkawilii. Alisema fikra za binadamu hupita hatua tatu: ya dini, kisha ya falsafa ya mambo yasiyoshikika, kisha ya sayansi. Ni nadharia nadhifu mno. Na mwandishi wake, baada ya kutangaza kwamba enzi ya dini imepita, alimalizia maisha yake kwa kuanzisha dini ya kwake na kujifanya kuhani mkuu. Tuendelee.

Ferdinand Tönnies ana uzito zaidi. Huyu alikuwa mtoto wa mkulima kutoka Schleswig, kaskazini mwa Ujerumani, na mwaka 1887 alitenga aina mbili za kuishi pamoja. Kuna watu wanaoishi pamoja kwa sababu ndivyo walivyo: damu, ardhi, ujirani, imani. Na kuna wanaokutana kwa sababu kila mmoja ana haja yake, wakafunga mkataba, na haja ikiisha wakaachana. Waswahili tunasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Tönnies angetuuliza: kwa nini hawiki? Shambani kila mtu anamjua ni jogoo wa nani, na anaamka kwa sauti yake. Mjini kuna saa ukutani, na hakuna anayemngojea.

Lakini naomba msimfanyie Tönnies dhuluma inayofanywa na vitabu vya mtihani, ya kudhani kwamba alikuwa analilia kijiji. Wanazi walipochukua Ujerumani wakipiga kelele za umoja wa taifa na damu moja, mzee huyu aliyeandika sana kuhusu umoja wa damu aliwapinga hadharani. Mwaka 1933 wakamfukuza kazi, akafa 1936. Alijua kwamba jamii ya watu wanaojuana haitengenezwi kwa amri ya serikali. Anayeahidi kuirudisha kwa gwaride anauza kitu asichokuwa nacho.

Sasa, nani alimtoa mtu wa jadi alipokuwa? Je, aliondoka mwenyewe? Hapa lazima tumsikilize Karl Marx, hata kama hatumpendi.

Twendeni Sutherland, kaskazini kabisa mwa Scotland. Huko watu waliishi kwa koo. Chifu wa ukoo aliwaita vijana vitani, nao walikwenda; kwa upande wao waliamini kwamba ardhi ile ni ya ukoo wote, na chifu ni mkubwa wao tu. Kisha bei ya sufu ikapanda. Bibi mkubwa wa Sutherland, mrithi wa uchifu huo, akaangalia karatasi, na karatasi zikasema ardhi ni yake peke yake. Marx, katika kitabu chake cha 1867, anaandika kwamba kati ya 1814 na 1820 watu 15,000, kaya zipatazo 3,000, waliondolewa kwa mpango. Vijiji vilichomwa moto. Kufikia 1825, mahali pa watu hao 15,000 palikuwa na kondoo 131,000.

Tulieni kidogo hapo. Watu wale walikuwa na jibu la swali letu la kwanza: tunamtegemea chifu. Walikuwa na jibu la pili: tunamwamini kwa sababu ni damu yetu. Asubuhi moja majibu yote mawili yakafutwa, kwa sababu chifu amegeuka mwenye mali, nao wamegeuka wapangaji waliokaa mahali pasipowahusu. Hawakuacha jadi yao. Waliondolewa ndani yake, kwa moto na kwa hatimiliki. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "watu walihama kutoka maisha ya jadi kwenda maisha ya kisasa", iulize sentensi hiyo: walihama, au walihamishwa?

Tuje kwa mtu ambaye mimi naona aliliona jambo hili kwa kina kuliko wote, na kwake nitakaa. Émile Durkheim alizaliwa Épinal, Ufaransa, mwaka 1858. Baba yake alikuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Babu yake alikuwa rabi. Yeye mwenyewe alitarajiwa awe rabi. Akawa profesa. Safari tunayoizungumza leo aliitembea ndani ya familia yake.

Watu wa wakati wake walikuwa na hofu moja: vifungo vya zamani vimekatika, sasa kila mtu atakuwa kivyake na jamii itasambaratika. Durkheim, mwaka 1893, akasema ngojeni kwanza. Tazameni vizuri. Watu wa jadi walishikamana kwa kuwa walifanana: kazi moja, imani moja, kalenda moja, hasira moja. Anayevunja mwiko anawaudhi wote kwa pamoja, na wote wanataka aadhibiwe. Watu wa kisasa hawafanani. Mmoja anatibu, mwingine anaunganisha nyaya, wa tatu anakagua hesabu za wengine. Na kwa kuwa hawafanani, hakuna anayejitosheleza. Daktari hajui kuunganisha nyaya, fundi hajui kujipasua. Mgawanyo wa kazi unawatofautisha, na hapohapo unawafunga pamoja. Huo nao ni mshikamano, alisema, ila wa namna nyingine: wa kwanza ni wa kufanana, wa pili ni wa kuhitajiana.

Narudia, maana hapa ndipo watu wanapoteleza. Mtu wa kisasa anajisifu kwamba hamtegemei mtu. Hamtegemei mtu! Umeme ukikatika jioni moja anajua ukweli. Hakuna binadamu aliyewahi kuwategemea wenzake kama sisi. Tofauti ni kwamba hatuwaoni.

Durkheim alikosea mahali? Ndiyo. Alidhani sheria ya jamii za kale ilikuwa karibu yote adhabu. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand katika bahari ya Pasifiki, alionyesha mwaka 1926 kwamba wavuvi wa pwani na wakulima wa bara walifungwa na wajibu wa kupelekeana samaki na viazi vikuu, na kila mmoja alimbana mwenzake atimize. Hiyo ni karibu na mkataba kuliko mwiko. Watu wa jadi nao walihitajiana. Mstari kati ya kale na sasa haukupita pale alipouchora.

Lakini kuna swali ambalo Durkheim hakulikwepa, na ndilo linalonifanya nimheshimu. Kama hatufanani tena, kuna kitu chochote tunachokiheshimu kwa pamoja? Kuna kitakatifu kilichobaki?

Jibu lake lilitoka katikati ya vurugu. Mwaka 1894 Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi katika jeshi la Ufaransa, alihukumiwa kwa kuuza siri kwa Ujerumani, akapelekwa kufungwa katika Kisiwa cha Ibilisi, kando ya Guiana ya Ufaransa. Hakuwa na hatia. Ushahidi ulipoanza kujitokeza, Ufaransa ikagawanyika vipande viwili. Wakubwa wakasema: hata kama kuna kosa, heshima ya jeshi na umoja wa taifa ni kubwa kuliko mtu mmoja. Na hawa wasomi wanaomtetea wamelewa ubinafsi, wataibomoa jamii.

Mwaka 1898 Durkheim akawajibu, na hoja yake bado ina makali. Mnasema kumtetea mtu mmoja ni kuibomoa jamii? Katika jamii ambayo watu wake hawana tena kazi moja wala imani moja, kitu pekee wanachoshiriki wote ni kwamba kila mmoja ni binadamu. Utu wa mtu ndio umekuwa kitakatifu chetu. Ukimdhulumu mmoja kwa makusudi, ukasema ni kwa faida ya wote, umekata kamba pekee inayotufunga. Dreyfus alisafishwa rasmi mwaka 1906.

Durkheim hakusema kwamba mambo yatajipanga yenyewe. Aliona kwamba mabadiliko yakija kwa kasi, kanuni za zamani huondoka kabla mpya hazijafika, na mtu akabaki hajui atamani nini wala aishie wapi. Hali hiyo aliiita anomia. Na alitambua jambo ambalo wanasiasa hawapendi kulisikia: hata utajiri wa ghafla huileta, si umaskini wa ghafla peke yake.

Swali la pili, la kuamini, nalipeleka kwa Mjerumani Max Weber. Yeye ana kisa ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma hii. Mwajiri anataka mavuno yaingie haraka. Ana mtu wa kufyeka nafaka, anayelipwa mark 1, fedha ya Wajerumani wa wakati huo, kwa kila Morgen moja, kipimo chao cha shamba. Kwa siku anafyeka Morgen mbili na nusu, anapata mark 2.5. Mwajiri anapandisha malipo hadi mark 1.25, akiamini mtu huyu atafyeka tatu ili apate zaidi. Yule mtu anafanya nini? Anafyeka mbili tu. Mbili mara moja na robo ni mbili na nusu. Riziki yake ya siku zote imepatikana, anakwenda nyumbani.

Mnacheka tena! Lakini nani kati yenu ana hakika kwamba yule mtu alikuwa mjinga? Hakujiuliza "nikijikaza nitapata kiasi gani?" Alijiuliza "nifanye kazi kiasi gani ili nipate kile ninachohitaji?" Weber alisema huyo ndiye adui mkubwa aliyekutana na ubepari: mazoea. Na kwa kuwa malipo peke yake hayamgeuzi, lazima tuulize ni nini kilichowageuza watu wengine hadi wakaona kazi na kuchuma ni wajibu usio na mwisho. Katika maandishi yake ya 1904 na 1905 alijibu kwamba kwa Ulaya, sehemu ya jibu ni Waprotestanti wa mrengo wa Calvin. Hawa waliamini kwamba Mungu ameshawachagua wa kuokolewa, lakini hawakuweza kujua kama wao wamo, wakatafuta dalili katika kazi yenye nidhamu, na walichokipata hawakukitapanya katika anasa. Dini yenyewe ikapoa baadaye. Nidhamu ikabaki, sasa bila Mungu ndani yake. Hoja hiyo imepingwa kwa zaidi ya miaka mia, na mimi naona wapinzani wana haki kuhusu mengi ya kihistoria. Kuhusu yule mfyekaji, Weber hajapatiwa jibu bora.

Na imani kwa wageni? Weber alieleza urasimu. Jamani, tunautukana urasimu kila siku, nami nautukana. Lakini fikiri: unaingia ofisi usiyomjua mtu, unampa karatasi asiyekujua, naye anatakiwa akuhudumie kwa kanuni ileile anayomhudumia mwingine yeyote, si kwa kuwa wewe ni mpwa wake. Faili linabaki hata akistaafu. Utii wetu umetoka kwa mtu ukahamia kwenye cheo na kanuni. Kwa sehemu kubwa, hivyo ndivyo watu wasiojuana walivyopata njia ya kuaminiana.

Mwezi Novemba 1917, mjini Munich, Weber aliwaambia wanafunzi jambo ambalo linawavunja nguvu wote wanaojiona werevu kuliko mababu. Anayepanda tramu, alisema, kama si mwanafizikia, hajui inavyokwenda. Wala hahitaji kujua. Anachohitaji ni kwamba anaweza kuitegemea. Mtu wa kale alizijua zana zake vizuri zaidi kuliko sisi tunavyozijua zetu. Akaongeza, kwa utani uliowachoma wenzake, kwamba hata wachumi waliomo ukumbini, ukiwauliza kwa nini fedha mara hununua vingi na mara hununua vichache, kila mmoja angetoa jibu lake. Kilichobadilika ni imani moja tu: kwamba mtu akitaka, anaweza kujua, na kwamba hakuna nguvu za siri zinazoingilia. Maarifa yametoka kichwani mwa mtu mmoja yakatawanyika kwa wengi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kitovu kikahamia Marekani, na hapo, kwa maoni yangu, taaluma ikavimba kichwa. Kilichokuwa swali kikageuzwa ratiba.

Sikilizeni kisa cha Balgat. Mwaka 1950, katika utafiti uliotaka kujua watu wanasikiliza redio gani, mhoji alifika kijiji hicho kilichokuwa karibu na Ankara, mji mkuu wa Uturuki. Akamkuta chifu, mwenye redio pekee ya kijiji, ambaye wenzake walikuja kusikiliza kwake na yeye ndiye aliyewafafanulia habari. Chifu aliulizwa: usipoishi Uturuki ungependa kuishi wapi? Hapana, akajibu, nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, Mungu akipenda nitafia hapa. Akamkuta pia muuza duka mmoja, mtu wa tai shingoni, ambaye wenzake hawakumheshimu. Yeye alijibu: Marekani, nasikia huko hata mtu wa kawaida anaweza kutajirika.

Miaka minne baadaye Daniel Lerner, mtafiti Mmarekani aliyeyachambua majibu hayo, alikwenda mwenyewe. Barabara imefika, basi limefika, umeme umefika, redio zimejaa. Muuza duka amekufa. Wana wa chifu wamekuwa wenye maduka. Na wanakijiji wanamkumbuka yule waliyemdharau kama mtu aliyeona mbele kuliko wote. Kwa Lerner, siri ilikuwa uwezo wa kujiweka katika nafasi ya mwingine: muuza duka aliweza kujiona mtu asiye yeye, chifu hakuweza. Kitabu chake kilitoka 1958. Miaka miwili baadaye mwanauchumi Walt Rostow akatoa hatua zake tano ambazo kila nchi ingepita, kutoka jamii ya jadi hadi matumizi makubwa ya umma, kisha akaenda kuwashauri marais wa Marekani.

Kisa kizuri. Lakini mbona kila anayesimuliwa anaishia kufanana na msimuliaji?

Pingamizi zito zilitoka kwa waliokuwa wakitazama kutoka upande mwingine. Mwanauchumi Andre Gunder Frank, mwaka 1966, aliuliza: kama umaskini ni kubaki nyuma katika jadi, mbona kaskazini-mashariki mwa Brazil, iliyolima sukari ya dunia, na Minas Gerais, iliyochimba dhahabu ya dunia, zilidorora baada ya kufungamana na soko la dunia kuliko sehemu nyingine? Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1972 akaijenga hoja ya namna hiyo kwa bara zima la Afrika. Wanaoitwa wa jadi na wanaoitwa wa kisasa, walisema, hawako vidato tofauti vya safari moja. Wako ndani ya mfumo mmoja, kwenye ncha mbili.

Nirudi Manchester niwaonyeshe. Viwanda vile vilivyowashangaza wataalamu wa elimu jamii vilisokota pamba. Pamba ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kusini mwa Marekani, ilikochumwa na watumwa. Mji wa kisasa kuliko yote duniani uliishi kwa mikono ya watu waliouzwa mnadani. Utumwa wa mashamba yale haukuwa masalia ya kale. Ulikuwa injini ya usasa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861 na bandari za kusini kufungwa, viwanda vya Lancashire, mkoa uliokuwa na Manchester, vilisimama, na kufikia mwisho wa 1862 watu mamia ya maelfu waliishi kwa msaada. Mfanyakazi wa kinu na mchumaji wa pamba hawakuwahi kuonana. Pamba ilipokatika ndipo ikaonekana jinsi walivyofungwa pamoja.

Tarehe 31 Desemba 1862, katika ukumbi wa Free Trade Hall, Manchester, watu wa kazi walikutana. Kulikuwa na waliotaka Uingereza iingilie kati ili pamba ije. Si wote Lancashire waliokuwa upande mmoja. Mkutano ule ukaamua kumwandikia Abraham Lincoln, rais wa Marekani, kuunga mkono kukomeshwa kwa utumwa. Lincoln aliwajibu tarehe 19 Januari 1863, akakiri mateso yao na kuuita msimamo wao ushujaa. Watu wenye njaa waliwatetea watu wasiowajua, ambao kukombolewa kwao kungeweza kurefusha njaa hiyo. Lerner angesema wamejiweka katika nafasi ya mwingine, na hakukuwa na redio hata moja. Durkheim angeona kitakatifu chake. Mimi naona pia kitu ambacho ratiba ya hatua tano haina pa kukiweka.

Utabiri mwingine ulioanguka ni wa dini. Peter Berger, mmoja wa wakubwa wa taaluma, alitabiri mwaka 1968 kwamba ifikapo karne ya 21 waumini watabaki vikundi vidogo vilivyojibanza. Mwaka 1999 aliandika waziwazi kwamba dunia ni ya kidini kama ilivyokuwa, na mahali pengine zaidi. India nayo ilionyesha kwamba tabaka za kuzaliwa, badala ya kufa, ziliweza kuunda vyama, kupiga kura kwa pamoja na kudai nafasi za shule. Shmuel Eisenstadt, mwana elimu jamii wa Israel, mwaka 2000 akasema bora tuzungumze habari za usasa nyingi, yaani kwamba kuna njia nyingi za kuwa wa kisasa. Nakubaliana naye kwa sehemu. Neno lake limekuwa pana mno, siku hizi kila kitu kinaingia humo.

Mwenyekiti amenipa kikaratasi chenye swali lililoletwa mapema: "Je, usasa umeua familia kubwa?" Nijibu hili kisha nikae. Jibu linategemea mahali. Mwanahistoria Mwingereza Peter Laslett na wenzake walipohesabu kumbukumbu za parokia na orodha za wakazi wa England ya kabla ya viwanda, walitarajia nyumba zilizojaa babu, bibi, wajomba na wajukuu. Walikuta kaya yenye wastani wa watu 4.75. Ile familia kubwa ambayo viwanda vililaumiwa kwa kuiua, kwa Waingereza wengi haikuwahi kuwa chini ya paa moja. Kwingineko duniani ilikuwepo, na mahali pengi bado ipo, hata wanafamilia wakiwa miji tofauti na wakitumiana fedha kwa simu. Kwa hiyo, ndugu uliyeuliza, kabla ya kutafuta muuaji, hakikisha kwanza kuna maiti.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba maswali yaanzie safu za nyuma.